Gozi Kavu

Nilifundishwa kufunga kidonda na muuguzi wa zahanati, mama mmoja mnene mwenye sauti ya kukwaruza, na alinifundisha vizuri. Kwa hiyo siwezi kujitetea kwamba sikujua. Alinishika mikono, akaniosha kwa sabuni mpaka viwikoni kama mtoto mdogo, akasema, "Binti, mara nyingi si kidonda kinachomuua mtu. Ni mikono ya anayemwuguza."

Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu. Nimezaliwa Kilwa Kivinje, nikaolewa bara, kwenye kijiji kimoja jirani na Rutamba, na Mmwera mmoja fundi mwashi. Alinioa, akakaa nami miezi minne, kisha akaenda Songo Songo kujenga nyumba za watu, akaniacha na mama yake. Alirudi kila baada ya miezi miwili au mitatu. Kati ya hapo alikuwa sauti kwenye simu.

Mama mkwe wangu alikuwa mwanamke mrefu, mkavu, mwenye nguvu. Alifiwa na mume angali kijana, akalea watoto watatu kwa jembe, na mikorosho yake aliipalilia mwenyewe mpaka uzeeni. Hakuna aliyemsaidia, na hilo alilisema kila siku iliyokwenda kwa Mungu. Mbele ya watu aliniita "mkwe wangu". Tukibaki wawili aliniita "wa pwani". "Wa pwani, lete maji." "Wa pwani, kwenu hamna majembe?" Majirani wakija walizungumza Kimwera, wakanitazama, wakacheka, wakanitazama tena.

Mwaka wa pili wa ndoa nilijifungua mtoto wa kike ambaye hakulia. Walimpangusa, wakampigapiga mgongoni, wakamgeuza, hakulia. Alizikwa asubuhi hiyo hiyo. Mama mkwe alikuja mlangoni, akanitazama nilivyolala, akawaambia wanawake waliokuwa nami chumbani, "Hawa wa pwani hawazai. Wanamwaga." Alilisema kwa Kiswahili, makusudi, ili nielewe.

Siku ya tisa aliniamsha twende kuokota korosho. Ulikuwa msimu, na korosho zikianguka hazimngoji mtu. Maziwa yangu yalikuwa yamejaa, maana mwili haukuwa umepata habari kwamba hakuna wa kunyonya. Nilijibana kifua kwa kanga mpaka nikashindwa kuvuta pumzi, lakini kila nikiinama yalitoka. Yakalowanisha kanga, yakalowanisha gauni, nzi wakanifuata kutoka mkorosho mmoja hadi mwingine.

Nikamwambia, "Mama, naomba nirudi nyumbani."

Akaniangalia kifua, akaniangalia uso. Akasema, "Kwani leo amekufa nani?"

Nikaendelea kuokota.

Msimu uliofuata ndipo alipoungua. Alikuwa akichoma korosho uani, kwenye debe lililokatwa nusu na kutandazwa juu ya mafiga. Mtu wa korosho anajua: ganda lile lina mafuta makali, yakishika moto yanalipuka, na hata yasipowaka yanakula ngozi. Kazi hiyo hakumwachia mtu mwingine, wala mimi, kwa sababu alisema nitaziunguza. Figa moja likasogea, debe likainama upande wake, naye badala ya kuruka akalizuia kwa mguu, asipoteze korosho. Mafuta yanayowaka yakammwagikia kuanzia kifundo hadi vidoleni.

Siku hiyo sikufanya baya. Nilimmwagia ndoo nzima ya maji, nikakimbilia nyingine, nikapiga kelele za kuomba msaada. Majirani wakaja na yao. Mmoja akampaka dawa ya meno mguu mzima. Mwingine akanyunyiza unga wa muhogo. Wa tatu akaleta manyoya ya sungura, akayabandika juu ya ule uji, akasema huko kwao ndiyo dawa. Siku ya tatu mguu ulikuwa umevimba kama mbuyu mdogo na unatoa harufu. Nikakodi bodaboda, nikampakia katikati, mimi nyuma nimemshika, tukaenda zahanati.

Muuguzi aliuloweka ule mguu kwenye beseni, akatoa manyoya, unga na dawa ya meno kidogo kidogo. Ilimchukua asubuhi nzima. Mama mkwe aling'ata ncha ya kanga yake, hakutoa sauti. Chini ya takataka zile kulikuwa na nyama tupu, nyekundu mahali pengine, nyeupe mahali pengine, na usaha pembezoni.

Baada ya hapo ndipo muuguzi aliponiosha mikono na kunifundisha. Chemsha maji na chumvi kidogo, uyafunike yapoe. Usipulize kidonda, usiguse palipo wazi kwa vidole. Usiweke pamba moja kwa moja, nyuzi zake zitabaki ndani. Anza na gozi iliyopakwa mafuta, hiki kitambaa cheupe chenye matundu, iwe ndiyo inayogusa nyama. Juu yake gozi kavu mbili tatu za kunyonya maji. Halafu bandeji, kuanzia vidoleni kwenda juu, isikaze, isilegee. Gozi zikiisha, chana shuka jeupe, lichemshe, lianike juani, lipige pasi. Kila siku, bila kuruka.

Kisha akanionyesha kwa kidole, bila kugusa, madoa madogo mekundu yaliyokuwa yakianza katikati ya kidonda. "Unaona? Hiyo ni nyama changa inaota. Gozi ikikauka inashikana nayo. Ukivuta kavu, unaichuna, na kidonda kinaanza upya. Imwagie maji, subiri. Itakuachia yenyewe."

"Nimeelewa," nikasema. Na kweli nilikuwa nimeelewa.

Wiki mbili nilifanya kama nilivyoambiwa. Kila asubuhi nilimketisha kwenye kigoda, mguu juu ya ndoo iliyopinduliwa, nikachuchumaa mbele yake. Nilimwagia maji, nikasubiri, gozi ikaniachia. Madoa mekundu yalizidi kuongezeka, yakakutana, yakawa kama zulia dogo. Nilianza kuona fahari. Yeye hakusema ahsante. Alisema, "Mikono yako inanuka samaki," na miezi mitatu hatukuwa tumeona samaki.

Asubuhi moja mume wangu alipiga simu wakati namfunga. Nikaweka sauti juu ili mama yake amsikie. Akauliza hali ya mguu. Mama mkwe akasema, "Mwanangu, mke wako ananifunga kama anayefunga mzigo wa kuni. Tafuta mwanamke mwenye mikono." Mume wangu akacheka kidogo, kicheko cha mtu asiyetaka kugombana na mama yake. Akasema, "Haya mama, vumilia." Akakata.

Nikamalizia kufunga bandeji. Mama mkwe akanitazama kutoka juu na kusema taratibu, bila hata hasira, "Ndiyo maana mtoto naye aliikataa hiyo mikono."

Kesho yake nilichemsha maji kama kawaida. Nikayatia chumvi, nikayafunika kwa sahani, nikayaweka pembeni yangu. Nikafungua bandeji. Nikaondoa gozi za juu. Ile ya chini ilikuwa imekauka, imeshika, kingo zake zimegeuka kahawia. Nikaishika kona kwa vidole viwili. Sikufunua sahani.

Nikavuta.

Mwanamke yule ambaye hakulia muuguzi alipomkwangua, alilia. Haikuwa sauti ya mtu mzima. Kililia kitu kilichokuwa ndani yake, na kuku waliokuwa karibu wakatawanyika. Gozi ilitoka na vipande vya lile zulia, na damu ikachomoza mahali pengi kwa pamoja, matone madogo madogo kama jasho.

"Pole mama," nikasema. "Imeganda."

Nimejaribu miaka mingi kukumbuka kama niliona aibu siku ile. Sikuona. Niliona raha. Ilianzia tumboni ikapanda kifuani, pale pale maziwa yalipokuwa yamejaa, na kwa mara ya kwanza tangu nimzike mwanangu nilikula chakula cha mchana nikakimaliza.

Sikufanya hivyo kila siku. Ningefanya kila siku, angezoea, au angejua mapema wa kumlalamikia. Siku tatu nilimloweka vizuri, kwa subira, nikimuuliza, "Inauma mama? Niache kidogo?" Siku ya nne nikavuta kavu. Halafu siku mbili za huruma, halafu tena kavu. Ikafika mahali nikishika tu fundo la bandeji, kabla sijafungua chochote, mguu wake unaanza kutetemeka. Nilipenda kuuona ukitetemeka. Wakati mwingine nililifungua fundo taratibu sana, kwa ajili hiyo tu.

Majirani waliopita walinisifu. "Mkwe umempata, bibi," walimwambia. "Mwingine angekukimbia kwa harufu hii." Naye alijibu, "Nimempata."

Mwezi ulipokwisha tulirudi zahanati aangaliwe. Muuguzi alifungua, akainama, akakitazama kidonda kwa karibu. Kisha akauliza, "Nani anaichuna hii nyama?"

Nilikuwa nimesimama nyuma ya kiti cha mama mkwe. Nikasema, na sauti yangu haikutikisika, "Ni yeye mwenyewe. Anajikuna akiwa usingizini. Nikiamka nakuta bandeji imevurugika."

Nilingoja akane. Aligeuza shingo akanitazama, si kwa mshangao. Alinitazama kama anavyotazama korosho kabla ya kuitupa upande wa nzima au upande wa mbovu. Halafu akageukia ukuta.

Muuguzi akamwakia. "Bibi! Unataka tukukate mguu? Mtu mzima hovyo! Binti wa watu anahangaika na wewe kila siku, na wewe unaharibu!" Wagonjwa waliokuwa kwenye benchi nje wote walisikia, na wengine walimjua. Kisha akaniambia mimi, "Akilala, mfunge mikono. Kwa kitambaa laini, usimuumize. Mpaka nyama ishike."

Sikuwa nimefikiria uwongo wangu ungefika huko. Jioni, kabla ya kulala, nilichana kanga ya zamani vipande viwili, nikasimama kando ya kitanda chake cha kamba nikiwa navyo mkononi, sijui nianzeje. Yeye ndiye aliyenyoosha mikono. Aliiweka pamoja mbele yangu, mikono mikubwa yenye sugu, iliyolea watoto watatu, akasema, "Funga vizuri. Usije ukasema nimejifungua."

Nikaifunga. Kila jioni nikaifunga. Kila asubuhi nikaifungua, nikampa maji ya kutawadhia, akaswali akiwa ameketi, na mistari ya kanga iko kwenye ngozi ya vifundo vya mikono. Niliacha kuvuta kavu kwa siku nane hivi. Kisha siku ya tisa alisema chai haina sukari, nikavuta.

Jambo ambalo muuguzi hakunifundisha, kwa kuwa hakudhani litahitajika, ni kwamba mkono ukishazoea kuharibu unasahau na usafi. Sikupanga kumtia usaha. Niliacha tu kunawa vizuri. Maji ya jana nikayatumia leo. Gozi nilizofua nikazianika kwenye ua wa makuti, vumbi likazipata, nikazikung'uta nikazitumia. Usaha ukarudi, mara hii wa kijani. Kisha akaanza kutetemeka mwili mzima mchana kweupe, huku jua linachoma, na vidole viwili vidogo vya mguu vikageuka rangi ya zambarau, halafu vyeusi.

Tulikodi gari mpaka hospitali Lindi mjini. Vile vidole viwili vilikatwa siku iliyofuata. Daktari, kijana mwenye miwani, alisema tumewahi kidogo. Tungekawia siku mbili mguu wote ungeondoka, au yeye mwenyewe. Akaniuliza nani alikuwa akimfunga nyumbani. Nikasema mimi. Akasema, "Pole dada, ni kazi ngumu." Nilitamani anipige.

Nilikaa naye wodini siku ishirini na kitu. Kila asubuhi walipita wauguzi na toroli lao la vidonda. Kulikuwa na mmoja, binti mdogo kuliko mimi, aliyemfunga mama mkwe kwa namna ambayo sitaisahau. Alimwagia maji, akakaa. Hakufanya kitu kingine. Aliongea naye habari za mvua, habari za panya wanaokula mihogo, mpaka gozi ikaelea yenyewe kama jani. Mama mkwe alikuwa amefumba macho akisubiri maumivu. Alipoyafumbua gozi ilikuwa tayari kwenye bakuli. Akaanza kulia, machozi tu, bila sauti. Binti yule akauliza, "Nimekuumiza bibi?" Akatikisa kichwa.

Alipoondoka na toroli lake, tukabaki wawili, na mgonjwa wa kitanda cha pili amelala. Mama mkwe akasema, akitazama dari, "Kumbe haiumi."

Nikanyoosha shuka lake.

"Nilijua," akasema. "Tangu siku ya kwanza. Maji yalikuwa pale pembeni, umeyafunika. Nina macho."

"Kwa nini hukusema?"

"Nimwambie nani? Yule wa Songo Songo?" Alitoa pumzi kama kicheko. "Binti zangu wawili wana habari kwamba nimekatwa. Umemwona hata mmoja hapa? Ningesema, ungefukuzwa. Ungefukuzwa, nani angeniletea maji?"

Nilitaka kuomba radhi. Maneno yalifika mdomoni. Lakini nilitaka yeye aanze. Nilitaka aseme habari za mwanangu, hata neno moja. Nikasema, "Na wewe siku ile ya korosho, maziwa yalikuwa yakinimwagika. Ulikuwa unaona."

"Niliona," akasema.

"Ukaninyima hata kurudi nyumbani."

"Nikakunyima." Akavuta shuka hadi shingoni. "Mimi nilizika wawili, na kesho yake nilikuwa shambani. Hakuna aliyeniambia nirudi nyumbani. Haya, nipe maji, wa pwani."

Nikampa maji. Hatukuombana radhi, wala siku hiyo wala siku nyingine.

Tuliporudi kijijini nilimfunga miezi minne. Nilinawa, nikachemsha, nikaloweka, nikasubiri. Sikufanya kwa upendo, sitasema uongo. Nilifanya kwa sababu ya yule binti wa toroli, ambaye sikutaka awe mtu bora kuliko mimi kwa jambo dogo namna hiyo, kumwagia maji na kukaa. Nyama ikajaa, ngozi nyembamba inayong'aa ikatambaa kutoka pembezoni, ikafunika. Lakini kovu lilipokauka likavuta. Mguu ukajikunja kwenda juu, vidole vilivyobaki havikugusa tena ardhi. Alitembea kwa fimbo, akiruka kama kunguru aliyevunjika mguu, na mikorosho yake ikaota magugu, akawa anaitazama kutoka barazani.

Ulimi wake haukukatwa. Aliwaambia wageni kwamba mimi ni mvivu, na kwamba sizai. La pili lilikuwa kweli kwa wakati ule. Mwaka uliofuata mume wangu alioa mwanamke mwingine huko huko Songo Songo, na talaka yangu akaiandika kwenye karatasi ya daftari, ikaletwa na mtu wa bodaboda. Mama mkwe aliomba asomewe. Nikamsomea mimi. Akasema, "Haya," na siku hiyo hiyo akauliza mwanawe atamleta lini yule mwingine.

Nikarudi Kivinje. Nikajifunza cherehani, nikaolewa tena na mtu mpole, nikapata watoto wawili walio hai. Miaka sita ilipita bila salamu.

Kisha ikapigwa simu, namba nisiyoijua. Ilikuwa sauti ya mwanamke kijana, yenye aibu. "Shikamoo dada. Mimi ndiye niliyeolewa Songo Songo, sasa niko huku Rutamba, kwa bibi. Samahani kukusumbua."

"Marahaba. Kuna nini?"

"Ule mguu umefunguka tena. Pale kwenye kovu. Nimempeleka zahanati, wamenielekeza kufunga, lakini hataki nimguse. Anapiga kelele kabla sijashika kitu. Anasema uitwe wewe."

Nilikuwa nimekaa mbele ya cherehani, kitambaa cha sare ya shule kipo chini ya sindano. Nikauliza, "Amesemaje hasa?"

"Amesema, mwiteni wa pwani, yeye ameshajifunza."

Nyuma ya binti yule nilisikia jogoo, na mtu akikohoa, na nikakijua kile kikohozi.

"Mwambie nitakuja Ijumaa," nikasema.

"Alhamdulillahi. Ahsante dada. Mungu akubariki."

Nauli nilikuwa nayo, na mume wangu hakunizuia. Aliniambia nenda, ni mgonjwa. Ijumaa ilipofika niliamka mapema, nikafua nguo za watoto zote, hata zilizokuwa safi. Nikazianika. Nikapika. Jumamosi simu ililia mara mbili, ikalia tena Jumapili, nikaiacha juu ya meza ikizunguka kwa mtetemo wake mpaka ikanyamaza. Baada ya hapo haikulia.

Msiba niliusikia kwa muuza kanga anayezunguka vijiji vile, aliyetaja tu katika mazungumzo kwamba bibi fulani mwenye mguu mmoja mbovu amezikwa mwezi uliopita, na kwamba mwishoni alikuwa hataki kufunguliwa bandeji na mtu yeyote, akafa nayo. Nikasema innalillahi. Nikachagua kanga mbili, nikamlipa, akaenda zake.